Antena ya kwanza kwa redio ya mkononi: ya kununua, ya kujitengenezea na ya kuachana nayo

Ukishapata leseni ya redio ya ridhaa na redio ya mkononi ya wati 5, hakuna fedha kidogo itakayoleta mabadiliko makubwa kama ile utakayoiweka kwenye antena. Kupanda kutoka wati 5 hadi 10 ni nyongeza ya desibeli 3 tu, na anayekusikiliza upande wa pili ataitambua kwa shida. Kuondoa kiantena kifupi cha mpira na kufunga fimbo inayofaa kunaweza kuleta kiasi hicho au zaidi. Tena faida inakwenda na kurudi: unasikika vizuri zaidi, na wewe unasikia vizuri zaidi. Nguvu ya kurushia haijawahi kumsaidia mtu kusikia.

Siri iko kwenye urefu. Gawanya 300 kwa masafa ya megahezi, utapata urefu wa wimbi kwa mita. Kwa 145 MHz ni mita 2.07. Robo ya wimbi hilo ni kama sentimita 52, na kwa kuwa waya halisi hutakiwa kuwa mfupi kidogo kuliko hesabu, punguza asilimia 5, ubaki na sentimita 49. Sasa chukua kiantena kilichokuja na redio ukipime: wengi watapata sentimita 15 hadi 17. Ndani ya ule mpira waya umezungushwa kama springi ili urefu unaohitajika uingie mahali padogo. Unaingia kweli, ila sehemu ya nguvu inageuka joto, na antena inakubali kipande chembamba tu cha masafa.

Kwenye bendi ya juu hali ni tofauti. Kwa 435 MHz robo ya wimbi ni sentimita 16 na nusu hivi, yaani karibu sawa na kile kiantena cha mpira. Kwa hiyo kama ripita unayoitumia (kituo kinachopokea ishara yako na kuirusha upya) iko kwenye 430 na kitu, usitarajie miujiza kwa kununua fimbo ndefu. Faida kubwa iko kwenye 144 na 145.

Anza na konekta

Makosa mengi ya ununuzi hutokea hapa, kwa hiyo toa antena uliyonayo na uangalie mdomo wa redio kwa karibu, penye mwanga. Redio nyingi za mkononi za sasa zina konekta ya SMA, na SMA ziko namna mbili. Kwenye redio nyingi za Yaesu, Icom na Kenwood utaona kishingo chenye hesi kwa nje na tundu dogo katikati. Hizo zinataka antena yenye sindano. Kwenye Baofeng UV-5R na jamii yake ni kinyume: sindano iko kwenye redio, hesi zimejificha ndani, na antena ndiyo yenye kishingo na tundu. Usiamini neno la muuzaji wala picha ya tangazo. Mwambie hivi: “Redio yangu ina sindano” au “Redio yangu ina tundu,” basi.

Kuna mtego wa tatu. Antena za ruta za Wi-Fi hutumia SMA iliyogeuzwa katikati: hesi ni zilezile, lakini penye tundu wameweka sindano, na penye sindano wameweka tundu. Ukiifunga kwenye redio yako itazunguka vizuri mpaka mwisho, huku ndani tundu limetazamana na tundu, hewa tupu katikati. Ukibonyeza kitufe cha kurusha hapo ni sawa na kurusha bila antena, na transista ya mwisho inaweza kuungua. Au sindano inagonga sindano na mojawapo inapinda. Hata kama konekta ingekubali, antena hizo ni za 2.4 na 5 GHz, hazina kazi kwenye redio yako.

Angalia pia kitako. Antena nzuri ina kitako kipana kinachokalia mwili wa redio, ili fimbo ikigongwa, mzigo ubebwe na kasha badala ya ile SMA ndogo. Ukibaki mwanya kati ya antena na redio, kila ukiinama konekta inapata mvuto, na baada ya muda utaanza kusikia sauti ikikatika-katika. Kitako kikiwa kipana mno nacho kinabana kitufe cha sauti. Kaza kwa vidole viwili tu, bila koleo. SMA kwa kawaida imekadiriwa kufungwa na kufunguliwa kama mara 500. Ukijua utabadilisha antena kila siku, funga adapta ya SMA kwenda BNC na uiache hapo moja kwa moja. BNC inafunguka kwa robo mzunguko na haichoki upesi.

Fimbo ya kununua

Kwa mtu anayeanza, fimbo nyembamba inayopinda, ya urefu wa sentimita 40 hadi 50, yenye bendi mbili, ndiyo ya kununua kabla ya nyingine yoyote. Fimbo ya sentimita 49 ni robo wimbi kwa 145 MHz, na kwa 435 MHz ni robo tatu, kwa hiyo inakubali kote kuwili bila ufundi mwingi ndani yake. Gharama yake ni kwamba kule juu kwenye 435 sehemu kubwa ya nguvu huelekea juu badala ya kulala kwenye upeo wa macho. Zile za sentimita 39 au 40, kama Nagoya NA-771 maarufu, zimefupishwa kidogo kwa koili. Hiyo NA-771 inaigwa sana, na nakala mbovu zimejaa sokoni; kwa nje zinafanana. Pima urefu, angalia maandishi kama ni safi, kisha fanya jaribio nililoeleza mwishoni, maana jaribio halidanganyiki na maandishi.

Puuza namba za faida zilizochapishwa kwenye pakiti. Utakuta fimbo ya sentimita 20 imeandikwa “2.15 dBi”. Hiyo ni faida ya dipole (antena ya mikono miwili iliyo sawa) kamili ya nusu wimbi iliyo peke yake angani. Fimbo fupi iliyofungwa juu ya kasha la plastiki lililoshikwa na mkono haiwezi kufika huko kwenye 145. Soma badala yake masafa iliyotengenezewa. “136–174/400–520” ni ahadi pana mno kwa fimbo moja nyembamba. Iliyoandikwa 144/430 au 145/435 ina dalili kwamba aliyeitengeneza alijua inakwenda wapi.

Za kuvuta kama ya redio ya kusikilizia muziki zina nafasi yake. Za nusu wimbi, karibu mita moja zikivutwa zote, zina koili kitakoni na hazitegemei sana mwili wa redio, kwa hiyo ukisimama kilimani zinafanya kazi nzuri sana. Lakini ni za kusimama, si za kutembea nazo. Mita nzima ya chuma juu ya SMA ni wenzo: tawi moja likigusa ncha, konekta inang’oka. Na usirushe ikiwa haijavutwa yote, kwani ile koili imepimwa kwa urefu kamili. Ikiwa imekunjwa, nguvu kubwa inarudi kwenye redio.

Mkia wa waya

Antena ya robo wimbi ni nusu ya kitu. Nusu ya pili inatakiwa kuwa chini yake, na kwenye redio ya mkononi kazi hiyo hufanywa na chuma kidogo kilicho ndani ya kasha pamoja na mkono wako. Ndiyo maana redio ikiwa mezani inasikika vibaya kuliko ikiwa mkononi, na hiyo si bahati mbaya. Kwa 145 MHz kasha ni dogo mno kubeba kazi hiyo peke yake.

Dawa yake ni waya. Kata waya laini wenye nyuzi nyingi na ganda la plastiki, sentimita 49. Upande mmoja lehemu kipete chembamba cha shaba chenye tundu la milimita 6.5, kwa sababu hesi ya nje ya SMA ina kipenyo cha milimita 6.35. Pitisha kipete kwenye kishingo chenye hesi, kiwe cha redio au cha antena, kisha funga antena kama kawaida ili kipete kibanwe katikati. Uache waya uning’inie wima kuelekea chini. Angalia jambo moja: kipete kikiwa kinene kinaiba hesi, na sindano haifiki ndani ya tundu. Ukiona antena inazunguka mara mbili tu na kugota, kipete ni kinene. Kigonge kwa nyundo kiwe chembamba au tumia bati la shaba. Hakikisha pia hakigusi sindano ya katikati, upime kwa multimita kabla ya kurusha.

Mkia huohuo unafaa kwa 435 kwa sababu ileile ya robo tatu. Ni kifaa cha bei ya karibu bure, na kwa mtu anayepata ripita ya 145 kwa kukwaruza, mara nyingi ndicho kinachomvusha.

Juu, na mbali na mwili

Kuna kikomo ambacho fimbo haiwezi kukivuka. Mawimbi haya yanakwenda karibu na mstari ulionyooka, na upeo wake unategemea kimo. Chukua kimo cha antena kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4.1, jibu ni umbali wa upeo kwa kilomita, palipo tambarare. Antena ikiwa mita 1.7 juu ya ardhi, upeo ni kilomita 5 na kidogo. Watu wawili wa namna hiyo wanakutana kwenye kilomita 10 au 11 hivi, na miti na kuta zinapunguza sana. Ipandishe antena hadi mita 10, upeo unakuwa kilomita 13. Kwenye kilima cha mita 100, ni 41. Kwa hiyo anayelalamika kwamba rafiki yake wa kilomita 15 hamsikii wote wakiwa ndani ya nyumba, fimbo mpya haitamsaidia. Kutoka nje, kupanda ghorofani au kuinua antena kutamsaidia.

Redio iliyofungwa mkandani nayo imeshapoteza vita, kwani antena imelala kwenye nyama na maji ya mwili, na mwili unanyonya. Ukitaka kurusha, itoe, iinue, isimamishe wima, iwe sentimita 5 au zaidi kutoka usoni. Ripita karibu zote husimamisha antena zao wima. Ukiilaza yako, ishara inashuka vibaya.

Kama unarusha ukiwa nyumbani, antena ya nje ya kujitengenezea ndiyo hatua yenye thamani kuliko fimbo yoyote. Iliyo rahisi kabisa ina waya mmoja uliosimama na minne ya chini. Utahitaji konekta moja ya SO-239 (konekta kubwa ya kufungia kebo nene) ya bapa yenye matundu manne, parafujo na nati 4 za M3, na waya wa shaba mgumu wa milimita 2 hivi, mita 3 zinatosha.

Kata kipande kimoja cha sentimita 52 kwa ajili ya juu, na vinne vya sentimita 54 kwa ajili ya chini. Ule wa juu ulehemu kwenye kikombe cha katikati cha konekta. Hiyo minne pinda kitanzi kwenye ncha, funga kwa parafujo kwenye matundu ya pembeni, kisha uinamishe chini kwa nyuzi 45. Kuinamisha huku kuna sababu: ikilala tambarare, ukinzani wa antena unakuwa kama omu 36, ikiinama nyuzi 45 unakaribia 50, ambao ndio redio na kebo zinautaka.

Umekata ndefu kwa makusudi. Sasa iweke nje, mbali na bati na ukuta, na pima SWR (kipimo kinachoonyesha ni kiasi gani cha nguvu kinarudi kwenye redio) kwa nguvu ndogo kwenye 144 na kwenye 146. Ikiwa nzuri chini na mbaya juu, fimbo ni ndefu: punguza. Ikiwa nzuri juu na mbaya chini, umeshapita, waya mpya unahitajika. Sentimita moja ya fimbo ya juu inasogeza antena karibu MHz 3, kwa hiyo kata milimita 3 kwa wakati mmoja na upime kila mara. Utaishia karibu na 49 juu, na ile ya chini 51 au 52. Usihangaike kutafuta 1:1. Kwenye 1.5:1 inarudi asilimia 4 tu ya nguvu, na kwenye 2:1 asilimia 11. Kwenye 3:1 robo nzima inarudi, na hapo ndipo pa kutafuta kosa.

Kebo inaweza kula faida yote uliyoipata. Mita 10 za kebo nyembamba ya RG-58 zinapoteza karibu desibeli 2 kwenye 145: wati 5 zinafika kama 3. Kwenye 435 zinapotea 3.5 hadi 4, na zinafika kama wati 2. Kwa urefu huo chukua RG-213 au inayolingana nayo. Ila RG-213 ni nene na ngumu. Usiifunge moja kwa moja kwenye redio ya mkononi, itaivunja SMA kwa uzito wake. Weka kipande laini cha sentimita 20 au 30 chenye SMA upande mmoja na SO-239 upande wa pili. Kule juu viringisha konekta kwa tepu ya mpira inayojishika yenyewe, maana maji yakiingia ndani ya kebo hayatoki tena. Na kabla ya kuinua nguzo yoyote, tafuta nyaya za umeme zilipo. Nguzo ikianguka upande wowote isiweze kuzifikia. Wingu la radi likikaribia, kebo ifunguliwe kutoka kwenye redio mapema.

Anayesafiri au asiyeruhusiwa kuweka kitu juu ya paa atafurahia antena ya kukunja, ile ya waya bapa wa nyuzi mbili wa omu 300, karibu mita moja na nusu, inayotundikwa kwa kamba kwenye tawi au dirishani. Inaingia kwenye bahasha. Iwe mbali na chuma cha dirisha kadiri inavyowezekana.

Ndani ya gari redio imo kwenye boksi la chuma. Fimbo ya sentimita 49 yenye kitako cha sumaku, katikati ya paa, inashinda antena yoyote ya kushika mkononi, kwa sababu paa lenyewe ndilo linakuwa ile nusu ya pili. Jaribu kwanza kwa sumaku ya kawaida, kwani paa la alumini halishiki.

Kuijaribu kwa haki

Usijaribu antena kwa kituo kinachosikika vizuri. FM ikishajaa, inanyamazisha mkwaruzo wote, na hutajua kama ishara imeongezeka mara nne au mara mia. Vile vijiti vya ishara kwenye kioo navyo ni vya kubahatisha. Tafuta kituo kinachosikika kwa mkwaruzo, fungua skwelchi (ile inayonyamazisha mkwaruzo pasipo na ishara) kabisa, simama mahali pamoja na uweke alama ya miguu. Sikiliza kwa antena ya zamani, kisha mpya, kisha zamani, kisha mpya. Mara moja haitoshi. Ukiwa katikati ya majengo, mawimbi yanagonga na kurudi, na kwenye 435 kusogea shibiri moja kunaweza kuua ishara au kuifufua, kwa hiyo kila antena izungushe taratibu mpaka upate mahali pake pazuri, halafu linganisha.

Ukiwa na NanoVNA, kifaa kidogo cha kupimia antena, usikimbilie kuilaumu antena. Fimbo ikifungwa moja kwa moja kwenye kile kifaa kidogo haina ile nusu ya chini, na mchoro utatoka wa ajabu. Kishike kifaa kwa mkono kama unavyoshika redio, au ongeza mkia wa sentimita 49, ndipo usome.

Na ikitokea kwamba antena mpya, ndefu, nzuri, inasikia vibaya kuliko ya zamani, usiitupe bado. Redio nyingi za bei nafuu zina mapokezi yenye vichujio hafifu, na karibu na minara ya FM au ya mawasiliano antena kubwa inaleta ishara nyingi zenye nguvu hadi mapokezi yanaziba: vituo dhaifu vinazama, au unasikia sauti zisizohusika na masafa uliyoweka. Rudisha kiantena kifupi pale pale ulipo. Kituo dhaifu kikirudi, antena haina kosa. Sogea mbali na mnara na urudie jaribio. Kama hapo ndipo nyumbani kwako na huwezi kuhama, weka kichujio cha kuzuia masafa ya FM, 88 hadi 108 MHz, kati ya kebo na redio. Kabla ya kukifunga hakikisha kimeandikwa kwamba kinastahimili wati unazorusha, kwa kuwa vingi vimetengenezwa kwa kusikiliza tu na vitaungua siku ya kwanza utakapobonyeza kitufe.